Tusiwafunze Vijana Nusu ya Kanuni

Katika mambo yote ya fizikia ambayo kijana wa Tanzania hukutana nayo kabla ya mtihani wa kidato cha nne, sidhani kama kuna moja lililo jepesi kueleza, kongwe katika tarehe ya elimu, na karibu na maisha ya watu wa kila tabaka, kuliko somo la momenti ya kani. Wala sidhani kama kuna moja lililokatwa vibaya kuliko hilo. Kwa desturi ya muda mrefu mwanafunzi hufunzwa momenti katika kidato cha pili, akaonyeshwa rula iliyoegemezwa katikati na vipande vya uzito vilivyoning'inizwa huku na huku, akajua ya kwamba momenti za pande mbili zikilingana rula hutulia. Kisha jambo hilo hufungwa kama kesi iliyokwisha hukumiwa, hata afikapo kidato cha tano, ikiwa atajaaliwa kufika na ikiwa atachagua sayansi, ndipo husomeshwa habari za mwendo wa mzunguko. Walio wengi hawafiki huko. Huondoka skuli wakijua ni lini kitu hakizunguki, bila ya kupata kuambiwa ni lini kitu huzunguka, na kwa kadiri gani, na kwa sababu gani kingine huwa kizito wa kuanza na kizito vile vile wa kusimama. Maoni yangu ni kwamba nusu hizi mbili ni jambo moja, kwamba kuzitenga ni taksiri ya mpango wa masomo wala si tabia ya elimu yenyewe, na kwamba zifundishwe pamoja mapema, kwa vitu vinavyoshikika mkononi.

Maana ya momenti si ngumu. Kani inayosukuma au kuvuta kitu kilichoshikwa mahali pamoja hukitaka kizunguke mahali pale. Na uwezo wake wa kukizungusha haupimwi kwa ukubwa wa kani peke yake, bali kwa kani iliyozidishwa kwa umbali wa pembemraba uliopo baina ya egemeo na mstari ambao kani hiyo yapita. Fundi wa magari aliyeshindwa kulegeza nati ya gurudumu kwa spana ya sentimita 30 huchukua kipande cha bomba, akakivika mpini wa spana hata ukawa na urefu wa sentimita 90, akavuta kwa nguvu zile zile, na nati ikasalimu amri: kani ya nyutoni 200 iliyokuwa ikitoa momenti ya nyutoni-mita 60 sasa yatoa 180. Hakuita msaidizi wala hakuongeza nguvu. Ameongeza umbali tu. Na lau angeusukuma ule mpini kuelekea kwenye nati yenyewe, badala ya kuuvuta kwa upande, angeweza kusukuma mchana kutwa asipate momenti hata chembe, kwa kuwa mstari wa kani ungepita katika egemeo na umbali ungekuwa sifuri.

Jambo hili lilithibitishwa kwa hoja za jiometri na Archimedes wa Syracuse, mji wa kisiwa cha Sicily, aliyeuawa katika mwaka 212 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, pale Warumi walipouteka mji wake. Lakini msomaji wa pwani atafurahi kukumbushwa ya kwamba elimu hii haikuruka kutoka kwa Wayunani ikaangukia Ulaya bila ya kupita mikononi mwa watu wengine. Katika karne ya 9 Thabit ibn Qurra, mzaliwa wa Harran aliyefanya kazi zake Baghdad, alitunga kitabu juu ya qarastun, yaani ile mizani yenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi, ambayo jiwe dogo likisogezwa kwenye mkono mrefu hupima mzigo mzito ulioning'inizwa kwenye mkono mfupi. Na humo hakuridhika na wenzo wa kudhaniwa usio na uzito, kama ule wa vitabu vyetu vya skuli, bali aliuingiza katika hesabu uzito wa ule mti wenyewe. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona katika karne ya 12. Na katika karne iyo hiyo, mwaka 1121, al-Khazini wa mji wa Marw alikamilisha kitabu kikubwa alichokiita Mizani ya Hekima, ambamo alikusanya hesabu za egemeo, za vitovu vya uzito, na za kutambua dhahabu safi na ile iliyochanganywa.

Wanazuoni hao hawakuwa wakijifurahisha tu. Palipo na biashara pana mizani, na palipo na mizani pana mwenye kutamani kuipotosha. Ndiyo maana Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la hao wapunjao vipimo. Tuseme mfanyabiashara ana mizani ya sahani mbili ambayo mkono wake mmoja una sentimita 10 na wa pili sentimita 11, naye ameiongezea uzito kidogo sahani ya mkono mfupi ili mti ulale sawasawa ukiwa mtupu, mnunuzi asishuku. Akiweka jiwe la kilo moja upande wa mkono mfupi na sukari upande wa mkono mrefu, mti utalala sawa sukari itakapofika gramu 909 tu, nawe utalipia kilo. Dawa yake haihitaji mkaguzi wa serikali: mwambie abadilishe, jiwe liende kwenye sahani ya sukari na sukari iende kwenye sahani ya jiwe, kwenye mizani ya haki hapatatokea kitu, na kwenye mizani ya hila mti utaanguka mbele ya macho yenu nyote wawili. Na ukitaka kujua uzito wa kweli wa kitu kwa kutumia mizani iyo hiyo mbovu, kipime upande huu kisha upande ule, zidisha majibu mawili, utafute kipeuo cha pili cha zao la kuzidisha huko. Kitu cha kilo moja kitasoma 1.1 upande mmoja na 0.909 upande wa pili, na hesabu itarudi kwenye moja. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuyathibitisha haya kwa mistari minne ya algebra, na nadhani yangemfaa zaidi ya kile kibao cha bembea ya watoto ambacho vitabu havichoki kukichora.

Hata hivyo mizani ni chombo cha kutulia, na hapo ndipo mafunzo yetu hukoma. Vitu vingi vyenye faida duniani havitulii.

Lilikuwako zamani katika miji yetu ya pwani shinikizo la kukamulia mafuta ya ufuta, lililozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, akitembea kwenye ncha ya mti mrefu siku nzima bila ya kufika popote. Mwenye shinikizo alijua vyema ya kwamba mti ukirefushwa mnyama hupata wepesi. Ukiwa na mita 1.5 mnyama huvuta kwa kani fulani; ukiwa na mita 3 huvuta kwa nusu ya kani ile, na shinikizo haligundui tofauti, maana momenti ni ile ile. Lakini mzunguko mmoja uliokuwa wa mita 9 na kitu sasa umekuwa wa mita 18 na kitu, kwa hiyo alichopunguziwa shingoni ameongezewa miguuni, na kazi yote aliyoifanya kwa kila mzunguko haikupungua hata kidogo. Kijana aliyefunzwa momenti za rula iliyotulia peke yake huweza kuingia katika dhana mbaya kwamba wenzo huzaa nguvu za bure. Na ninaamini kwamba hao wanaoleta kila mwaka mipango ya mashine za kujizungusha milele, wakidai wamevumbua umeme usio na gharama, wengi wao hawakosi akili, bali walifunzwa nusu ya kwanza wakanyimwa ya pili.

Nusu hiyo ya pili yasema hivi: momenti zisipolingana, kitu hubadili mzunguko wake, na kadiri ya mabadiliko hayo yategemea momenti iliyobaki bila ya mpinzani, pamoja na namna maada ya kile kitu ilivyotandazwa kuuzunguka mhimili. Hapa umbali waingia tena, na safari hii waingia mara mbili, kwa kuwa kila chembe huhesabiwa kwa uzani wake uliozidishwa kwa umbali wake na tena kwa umbali wake. Chukua pete ya chuma ya kilo 10 yenye nusu-kipenyo cha mita 0.5, na nyingine ya kilo 10 vile vile yenye nusu-kipenyo cha mita 0.25. Mezani mwa muuza vyuma zina bei moja. Lakini ukizizungusha, ile kubwa ina ukaidi mara nne ya ndogo, na momenti ya nyutoni-mita 5 itakayoiongezea ile ndogo kasi ya radiani 8 kwa sekunde katika kila sekunde, itaiongezea kubwa radiani 2 tu. Kiasi hicho cha ukaidi huitwa momenti ya inesha. Christiaan Huygens, Mholanzi, alikigusa katika mahesabu yake ya pendeli yaliyochapishwa 1673, na Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, akakipa jina katika kitabu cha 1765. Baina ya Archimedes na Euler zimepita zaidi ya karne 19, na sisi twawapa vijana wetu miaka mitatu. Ingekuwa si haba, kama wangekuwapo.

Aliyewahi kusimama karibu na mashine ya zamani ya kusagia nafaka, ile ya dizeli yenye gurudumu zito ubavuni, ameiona inesha kwa macho yake. Injini ya mipigo minne husukuma mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Muda uliobaki hufyonza hewa, huibana, na hutoa moshi, na katika shughuli hizo huwa yatumia nguvu badala ya kutoa. Lau si gurudumu lile, ambalo chuma chake kimewekwa makusudi ukingoni na si katikati, mashine ingesimama kabla ya kufika kwenye mpigo wa pili.

Na kuna mahali ambapo kuzigawa nusu mbili hizi si hasara ya mtihani tu bali ni hatari ya roho za watu. Lori likiingia kwenye kona linahitaji kani ya kulipindisha, na kani hiyo hutoka chini, magurudumu yanaposhika lami, ilhali uzito wa lori wakaa juu, kwenye kitovu chake. Kani ya chini yazaa momenti ya kulipindua; uzito wazaa momenti ya kulirudisha; na nusu ya upana wa magurudumu ndiyo urefu wa mkono wa uzito, kama kimo cha kitovu kilivyo urefu wa mkono wa kule kupinduka. Ikiwa nusu ya upana ni mita 0.9 na kimo cha kitovu ni mita 1.2, kwenye kona yenye nusu-kipenyo cha mita 50 lori litaanza kuinua magurudumu ya ndani likifikia kilomita 69 kwa saa, ikiwa halijateleza kwanza. Sasa utingo apandishe magunia juu ya mzigo hata kitovu kifike mita 1.8, na mwendo huo wa hatari utashuka hadi kilomita 56. Barabara ni ile ile, na breki na dereva hawakubadilika. Sheria za mizigo husema kwa tani, na tani ni muhimu. Lakini kwenye kona tani zenyewe hujifuta katika hesabu, kikabaki kimo na upana, na hayo mizani ya barabarani haiyapimi. Waunda ngalawa waliijua siri ya upana pasi na daftari, ndipo wakaziweka ndubi mbali na ubavu wa chombo kwa mirengu mirefu, ili chombo chembamba kiweze kuchukua tanga kubwa. Kizazi kilichosoma kingepaswa kukijua kisa hicho kwa sababu zake.

Nimesema juu ya vitu vya mkononi, lakini kanuni hii haikomi hapo. Wavuvi wetu huhesabu siku za bamvua na siku za maji mafu, na kila mtu wa pwani ajua ya kuwa mwezi una mkono katika jambo hilo. Mvuto wa mwezi huiinua bahari upande unaoukabili na upande ulio kinyume chake; na kwa kuwa ardhi huzunguka mara moja kwa siku, ilhali mwezi huchukua siku 27 na ushei kuizunguka ardhi, nundu hiyo ya maji, kwa jumla, huchukuliwa mbele kidogo ya mahali ulipo mwezi. Mwezi huivuta nundu iliyotangulia irudi nyuma. Na maadamu mvuto huo haupiti katika kitovu cha ardhi, una umbali, na wenye umbali una momenti. Momenti hiyo huipunguzia ardhi mzunguko wake, na siku yetu hurefuka kwa kiasi kisichotimia milisekunde 2 katika kila karne.

Ni kidogo mno, atasema mtu. Naam, lakini ardhi ina umri mrefu. Mwaka 1963 John Wells, wa chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, aliihesabu mistari myembamba ya kukua iliyohifadhiwa katika matumbawe yaliyogeuka mawe zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, akakuta ya kwamba mwaka wa zama hizo ulikuwa na siku zipatazo 400. Mwaka haukuwa mrefu zaidi. Ni siku zilizokuwa fupi. Na ule mzunguko uliopungua ardhini haukupotea, kwa sababu mzunguko haupotei bila ya kumwendea mwengine: umehamia kwa mwezi, nao kwa kuupokea husogea mbali nasi kila mwaka kwa sentimita 3.8, jambo lililopimwa kwa miali ya leza iliyorudishwa na vioo, vya kwanza vikiwa ni vile walivyoviacha mwezini wasafiri wa Apollo 11 mwaka 1969. Mvulana wa Kizimkazi anayengoja maji yajae ili aitoe ngalawa ya babake hawezi kuwa mbali na elimu hii. Anaogelea ndani yake. Kwa nini basi kitabu chake kiishie kwenye rula?

Wala haikosi kupita kwetu kwa njia nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikisherehekea mwaka wake wa saba wa kujitawala, roketi iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini upande wa kaskazini ya Malindi, ikiwa imechukua setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kupelekwa angani mahsusi kwa kutafuta nyota na vitu vingine vitoavyo eksirei. Malindi ilichaguliwa kwa sababu iko nyuzi 3 tu kutoka Ikweta, mahali ambapo umbali kutoka mhimili wa dunia hufikia upeo wake na ardhi yenyewe hukimbia kuelekea mashariki kwa mita 465 hivi kwa sekunde. Penye latitudo ya nyuzi 60 umbali ni nusu, na kasi ni nusu. Kasi hiyo ni zawadi kwa roketi. Na Uhuru, ilipokwisha fika juu, ilijizungusha polepole, duru moja kwa takriban dakika 12, ili macho yake yafagie mbingu yote.

Walimu wenzangu wengine hunijibu kwamba mahesabu ya mwendo wa mzunguko ni mazito kwa mtoto wa miaka 15. Ni kweli, ikiwa tutaanza na alama za Kiyunani ubaoni. Lakini gurudumu la baiskeli lililoning'inizwa kwenye boriti kwa ekseli yake, uzi uliozungushiwa kitovuni, jiwe la kuuvuta, na saa, si vitu vya gharama. Mwanafunzi ayahesabu mizunguko ya sekunde 10 za mwanzo. Kisha afunge mifuko miwili ya mchanga kwenye spoki karibu na kitovu, ahesabu tena. Kisha aihamishe mifuko iyo hiyo hadi ukingoni, ahesabu mara ya tatu. Akiuona mchanga ule ule ukilifanya gurudumu kuwa zito wa kuzunguka kwa sababu ya mahali ulipowekwa, amekwisha kupata fikra ya Euler, na hesabu zitamfuata baadaye bila ya kumtisha.

Wengine hunijibu kwamba ratiba haina nafasi, na hilo ndilo pingamizi la haki zaidi. Basi nafasi ipatikane kwa kukata kitu. Ningeanza na ile desturi ya kukaririsha madaraja matatu ya nyenzo, daraja la kwanza mkasi, la pili toroli, la tatu koleo, ambayo mwanafunzi huitumia siku ya mtihani na kamwe hana haja nayo siku nyingine, kwani hesabu ya momenti ni moja tu katika madaraja yote matatu, na sijapata kuona nati iliyolegea kwa kuambiwa spana yake ni ya daraja gani. Vipindi vitakavyookolewa hapo vyatosha kwa lile gurudumu la baiskeli, na vitabaki vya kulijadili lori.